Waya Uliopita Ukutani

Redio ya Mama Odile ndiyo iliyoanzisha maneno. Ilisema bei ya shaba imeanguka tena, na kampuni nyingine mbili za wageni hapa Kolwezi zimefunga milango. Mwenze, aliyelipua miamba miaka ishirini kwenye mashimo ya Musonoi hadi watu wakamwita Dinamiti, alikataa. Shaba haiwezi kuanguka, alisema, kwa sababu yeye ameiona kwa macho yake na iko chini tayari. Henri, mwalimu wa hesabu, akamweleza kuwa kinachoanguka ni bei. Dinamiti akajibu kwamba bei hajawahi kuiona, bali bantu banaanguka anawaona kila siku.

Ulikuwa mwaka wa 2009, na benchi la Mama Odile pale Dilala, mbele ya ndoo yake ya munkoyo, kinywaji cha mahindi, lilikuwa limejaa kabla ya saa tatu asubuhi. Waliokuwa wakipita mbio kwenda kazini sasa walikaa.

Mwishoni mwa benchi walikaa Tata Kabongo na Tata Mbayo. Benchi liliwaita Mapacha, maana waliishi katika nyumba moja ya zamani ya kampuni, iliyogawanywa kwa ukuta katikati: huku Kabongo na mkewe Ndaya, kule Mbayo na mkewe Mado. Hata kazi walifukuzwa siku moja, na kampuni ikampa kila mmoja kompyuta kuukuu ya ofisini kama pole. Intaneti alikuwa nayo Kabongo peke yake, kwa modemu ndogo ya kuchomeka. Mbayo naye alikuwa amesikia habari ya kazi ya ufundi huko Solwezi, ng'ambo ya mpaka wa Zambia. Barua ilitakiwa ifike kwa intaneti kabla ya Ijumaa jioni, na nyumba ya intaneti ya mjini ilikuwa imefungwa tangu wageni waondoke. Basi wakatoboa ukuta, wakapitisha waya kutoka kompyuta hadi kompyuta, ili Mbayo apate intaneti ya jirani.

Waya ulipita. Intaneti ilikataa.

Siku nne benchi zima liliuguza kompyuta zile. Ya Mbayo iliiona ya Kabongo, hata jina lake ililionyesha, lakini ukiomba ukurasa, kimya. Dinamiti alisema ni panya. Henri alisema kila kompyuta inahitaji namba yake kama nyumba kwenye avenyu; akazichora chini kwa kijiti, wakaenda kuzihakikisha, zote zikawa sawa. Dinamiti akauliza kama panya nao wana namba.

Mama Odile alikuwa akisuuza vikombe. "Tata Mbayo," alisema, "kwa nini usiingie tu kwa Kabongo, ukae ku kiti, utume barua yako? Njia ya mulango iko mufupi kupita ya waya."

Benchi likacheka. Dinamiti akakisia kuwa Mbayo anaogopa mbwa. Kabongo alicheka nao, lakini alimwona mwenzake akitazama ndani ya kikombe chake. Kabongo hakuwa na mbwa.

Sababu aliijua. Mwaka wa 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, Kabongo alikamatiwa kazini na kusukumwa moja kwa moja hadi stesheni. Ndaya alikuwa nyumbani, na mtoto wao Jessica mgongoni, vijana wenye fimbo wakiingia barabarani. Aligonga ukuta wa jirani, yaani Mbayo, na Mbayo hakufungua mlango. Miaka saba walikaa Mwene-Ditu, huko Kasai. Waliporudi, bahati iliwapa nyumba ile ile. Kabongo na Mbayo walisalimiana, wakaanza kukaa benchi moja, na tangu hapo Kabongo alikuwa na msemo wake kwamba yaliyopita yamepita. Lakini Mbayo hakuwahi kukanyaga sebule ya Ndaya. Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyemkaribisha pia.

Alhamisi Kabongo alirudi nyumbani kuchukua miwani. Alimkuta Ndaya mbele ya kompyuta. Zamani alikuwa mpiga chapa wa parokia, na vidole vyake havikuwa vimesahau kazi. Alikuwa akiondoa alama kwenye kisanduku cha skrini cha kuruhusu kompyuta nyingine itumie intaneti. Alama ile ile ambayo Kabongo aliiweka kila asubuhi na kukuta haipo kila jioni, mpaka Henri akaapa ni virusi.

"Kumbe njo weye," Kabongo alisema.

"Njo mi." Ndaya hakugeuka. "Baba Jessica, we haukusikia ile siku. Redio yabo ilikuwa naimba. Nilipiga ku ukuta, ikanyamaza."

Kabongo alitafuta msemo wake, akauona mwepesi mdomoni. Yeye hakugonga ukuta wowote. Kusamehe kulikuwa kumemgharimu kidogo sana.

Ijumaa mchana alimvuta Mbayo pembeni ya benchi, akamwambia kosa haliko kwenye waya. Mama Jessica ndiye anayeifunga intaneti, na sababu Mbayo mwenyewe anaijua. Mbayo akaweka kikombe chini, akaenda zake. Aliupita mlango wake mwenyewe, akabisha kwa Ndaya. Kabongo aliyemfuata alimkuta amesimama kizingitini, kofia mkononi.

"Mama Jessica, ile siku nilisikia. Redio, njo mi niliizima. Niliogopa batachoma na kwetu."

"Ulisikia mara ngapi?" Ndaya aliuliza.

"Tatu."

"Nilipiga mara ine."

"Ya ine, nilikuwa nimeziba masikio."

Upande wa pili wa ukuta Mado alikuwa akitwanga kitu, na sasa kinu kilikuwa kimetulia. Ndaya akavuta kiti, akakipangusa kwa kitambaa, akakiweka karibu na kompyuta. Mbayo akakaa ukingoni, kama mtu aliye kwa daktari. Barua ilikuwa kwenye flashi mfukoni mwake. Ndaya aliifungua, akaisoma polepole, akisahihisha herufi hapa na pale. Karibu na mwisho alisimama, akasoma kwa sauti: "Mimi ni mtu wa kusaidia wenzake saa ya hatari."



"Hii," Ndaya alisema, "tuiache kwanza." Akaufuta mstari, herufi moja baada ya nyingine, kisha akatuma barua. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro.

Jumamosi benchi lilitaka kujua ugonjwa ulikuwa nini. Henri alikuwa tayari na kijiti chake, na Dinamiti alidai panya aonyeshwe. Kabongo aliwaacha wabishane. Mbayo ndiye aliyesema, bila kuulizwa, kwamba barua imeenda salama, imepungua mstari mmoja tu.

"Mustari gani?" Mama Odile aliuliza.

Mbayo akanywa munkoyo wake hadi chini, akapangusa midomo.

"Ile yenye nilikuwa napenda kupita zote," alisema, akainuka kwenda kuziba tundu la ukuta, maana sasa angepita mlangoni, Kabongo akimfuata nyuma na ndoo ya udongo.