Mkate Uliogusa Dari ya Tanuri

Jumanne, 1 Julai 1975
Kamati ya kijiji itaonja mikate Jumamosi: wangu na wa shemeji Hildegarda. Mshindi atashika tanuri la kijiji. Tanuri langu! Udongo wa matofali yake niliukanyaga kwa miguu yangu. Nikishindwa, napelekwa shamba la pamoja kuchuma pamba. Na mgongo huu!

Jumatano, 2 Julai
Mkate wangu mgumu. Wa Hildegarda, anayeumulia togwa iliyolala, unanesa. Mchawi!
Vitalis, dereva wa lori la miwa Kidodi, kaniletea kopo la dawa ya unga. Mikate ya viwandani huko Dar huvimba kwayo, anasema. Chembe tu kwa gunia zima. Chembe! Ubahili wa mabepari. Nimetia vijiko.

Ijumaa, 4 Julai
Maajabu! Mkate umegusa dari ya tanuri. Mweupe kama kanzu ya padri. Nikaupitisha mbele ya Hildegarda. Akauliza, shemeji, huo wa kula au wa kulalia? Wivu.
Bwana Afya kaliona kopo. Kasema dawa hiyo ikizidi inatapisha, inaharibu figo, hata masikio huziba. Nikajifanya sisikii. Akang'aka nitupe kopo na mkate. Nikaahidi.
Nimetupa kopo tu. Kila mjumbe wa kamati ana figo mbili, moja itamtosha.

Jumamosi, 5 Julai
Msiba! Nilisahau desturi: mwenye chakula huonja kwanza mbele ya watu, kuondoa sumu. Nikasema nimefunga. Mwenyekiti Mwinshehe akauliza, Ramadhani bado, Kwaresima imepita, mzee mwenzangu, umefunga ya nani? Kicheko.
Hildegarda akala wake, akalamba vidole. Kisha akanikatia kipande cha wangu kwa adabu zote. Shikamoo shemeji, karibu. Nikatimua mbio. Mgongo haukuuma hata kidogo. Mkate wameufukia shimoni. Tanuri limekwenda!

Jumatatu, 7 Julai
Saba Saba. Kijiji kizima kinasifu mkate wa Hildegarda. Nimekula vipande vitano, kwa hasira tu.
Kamati imenihurumia: si pamba, ni kuku wa kijiji. Lakini mayai yao! Kiini kimepauka, aibu kwa taifa. Sokoni nimeona rangi ya mikeka, nyekundu hasa. Nikiichanganya na pumba, viini vitawaka kama machweo.
Mke wangu Generoza kauliza nani atayala.
Nimemwambia: wageni wa serikali.