Mshenga Wangu Amezimika Ukweni

Leo nimevuliwa nguo ukweni. (Na nguo zenyewe zilikuwa za kuazima, lakini tutafika huko.)

Naomba mnisome mpaka mwisho kabla ya kuanza kunitumia vikatuni vyenu. Mnanijua. Nina duka la mbegu pale Soweto, Mbeya, sina fujo na mtu. Leo nilikwenda Kilolo kumposa Upendo. Miaka miwili tunapendana, na baba yake alishasema wazi kwamba posa ni mara moja tu: ikiharibika, nisirudi.

Sasa, posa haisemwi na muoaji. Wewe unakaa, unainamisha kichwa, mshenga ndiye anayeongea. Mshenga wangu ni baba mdogo Gwamaka, maana baba alishatangulia mbele za haki. Baba mdogo anachimba dhahabu Makongolosi, na wiki iliyopita wakafikia mwamba wenye dhahabu. Mchimbaji akifikia mwamba haondoki. Akapita kwangu mara moja, akaniambia siku ya posa atakuwa chini ya ardhi, simu haishiki mpaka jioni. Nimrekodi video, nikawaonyeshe wazee.

Nikampigia baba Upendo kumweleza aibu hii. Akakubali hapohapo. Akaniuliza tu tutakuja wangapi, nikamwambia wawili, akasema vizuri sana. (Alikubali haraka mno. Nilipaswa kujiuliza kwa nini.)

Baba mdogo alijirekodi mwenyewe. Alinitoa chumbani, akasema muoaji hasikilizi maneno ya mshenga kabla ya siku. Ningempa simu yangu ajirekodi, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini nilitaka wazee wamwone kwenye kioo kikubwa, na mimi nionekane mtu wa maana. Nikampa kishikwambi.

Kishikwambi nilikinunua kwa Yusufu, rafiki yangu, anayeuza vifaa vya umeme sokoni. Bei ya kutupa. Yusufu aliapa kwamba ni sawasawa na vile vya bei kubwa, ila wenye kiwanda wamepunguza vitu visivyo vya lazima. Nilipofika nyumbani nikagundua kwamba kitu kisicho cha lazima ni kuchaji. Tundu la chaji limelegea. Waya ukiuchomeka hautulii, lazima uuinue kidogo na kuubana kwa dole gumba, ukiachia tu unakata. Na waya uliokuja ndani ya boksi hautoshi hata kumfunga kuku mguu.

Jana tulilala Iringa mjini, mimi na Yusufu aliyejitolea kunisindikiza. Nikaweka kishikwambi kwenye chaji kikiwa na asilimia nane, nikabana waya kwa kiatu. Asubuhi nikakuta asilimia tisa.

"Si kimepanda?" Yusufu akasema.

Tukafika Kilolo. Salamu za Kihehe, kamwene nyingi, tukakaribishwa sebuleni. Alikuwepo baba Upendo, mzee mrefu asiyecheka. Mama Upendo. Shangazi mmoja mwenye macho makali. Upendo mwenyewe alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa.

Nikaangalia ukutani nitafute soketi. Zipo nne. Inafanya kazi moja, na hiyo moja iko chini kabisa, nyuma ya kiti cha mama. Nikauliza kwa adabu kama kuna ekstensheni. Mzee akasema waya mrefu unakula umeme.

Basi nikapiga magoti. Mkono mmoja umeshika kishikwambi, dole gumba la mkono wa pili limebana waya, pua yangu iko karibu na miguu ya mama mkwe. Wazee wakageuza viti vyao kuelekea soketi. Sauti ya kishikwambi ni ndogo (nayo haikuwa ya lazima), kwa hiyo shangazi akashuka, akakaa sakafuni pembeni yangu na kutega sikio. Sakafu ya Kilolo ina baridi ya kuingia kwenye mifupa. Kabla hatujaanza, mzee akatoka nje kuangalia mita ya umeme ya LUKU. Akarudi akasema tuendelee.

Nikabonyeza. Baba mdogo akatokea, na shati lake la kanisani. Jamani, alisema vizuri. Alisalimu, akautaja ukoo wetu mtu kwa mtu, akasema hatukuja kununua mtu bali kuomba undugu. Mama Upendo akaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nikajisemea moyoni, nimeoa.

Mama akaona muda wa kumkaribisha mgeni umefika. Akainuka, akamimina ulanzi, pombe ya mianzi, kwenye kikombe, ule mtamu wa siku ileile, akauleta mpaka nilipopiga magoti. Wakati huohuo baba mdogo akakohoa kidogo.

"Nisiwafiche, ndugu zangu," akasema. "Kijana wetu ni mwema. Lakini ana tatizo moja, na ni haki yenu kulijua leo."

Kishikwambi kilikuwa kimebaki na asilimia mbili, kinaishi kwa waya tu. Kikombe kiko mbele ya uso wangu. Mama mkwe anangoja. Wote mnajua kwamba kikombe cha mama mkwe hakipokelewi kwa mkono mmoja. Nikaweka kishikwambi sakafuni, nikaachia waya, nikapokea kwa mikono miwili.

Giza.

"Tatizo gani?" mzee akauliza.

Nikajibu kwamba sijui. Ilikuwa kweli tupu, na hata mimi niliiona imekaa kiuongo. Hapo Yusufu akaingilia kwa sauti yake ya dukani. Akawaeleza wazee wasiwe na wasiwasi, kifaa hiki kikizimika kabisa kinahitaji dakika arobaini tu ndipo kiweze kuonyesha hata picha ya betri. Kinapasha mwili, akasema.

Dakika arobaini. Nikarudi kubana waya. Mzee akatazama saa, akatoka tena kuangalia mita.

Aliporudi, shangazi alikuwa ameshaanza. Akauliza ni pombe? Nikasukuma kikombe pembeni taratibu. Akauliza kama nina mke mwingine. Sina. Mtoto wa nje? Sina. Kesi? Sina. Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyozidi kuniangalia kwa huruma. Nikaona hapa dawa ni kutangulia, niseme mwenyewe, ili baba mdogo akirudi asinikute nimeficha kitu.

Nikasema koti nililovaa ni la Yusufu.

"Na viatu," Yusufu akaongeza. (Rafiki.)

Mzee akasema hilo dogo, lazima kuna jingine. Nikasema yale makande ninayomwambia Upendo kwamba napika mwenyewe, nanunua kwa mama ntilie wa jirani. Pazia likatikisika. Mzee akasema bado. Nikasema darasa la saba nilirudia. Bado. Nikasema nilikojoa kitandani mpaka darasa la tano. Shangazi akauliza la ngapi, nikarudia kwa sauti zaidi. Nyuma ya pazia mtu akakohoa kwa muda mrefu. Mzee akasema, kijana, mtu mzima hawezi kurekodi video kwa ajili ya kukojoa, sema lenyewe.

Sikuwa na lenyewe! Nilikuwa nimekwisha. Nikatafuta mpaka sakafu ya roho yangu, nikapata moja la mwisho.

"Naogopa bata," nikasema.

"Bata?"

"Bata, baba."

Mama Upendo akachungulia uani, ambako bata wake walikuwa wanatembea. Akaamka akafunga mlango. Mungu ambariki yule mama.

Hatimaye kishikwambi kikawaka. Tukasogea wote. Video ikaanza upya, mwanzo kabisa, na ukiigusa ili kuisogeza mbele haisikii. Tukasalimiwa tena. Tukatajiwa ukoo tena, mtu kwa mtu. Shangazi alishawakariri, akawa anawataja kabla ya baba mdogo. Dole gumba langu lilikuwa limekufa ganzi. Kikohozi kikafika.

"Ana tatizo moja, na ni haki yenu kulijua leo. Ni bahili. Ukimtuma sokoni anakuletea cha bei ya chini kuliko vyote, halafu anajisifu. Hata hiki alichonipa nijirekodie, sijui kama kitafika huko kwenu."

Basi. Ndiyo hilo tu. Nimewapa wakwe bata wangu wote na kitanda changu cha utotoni, bure kabisa.

Nikasubiri nifukuzwe. Kisha nikamwona mzee anacheka, kwa mara ya kwanza tangu tufike.

"Sasa hilo nalo ni tatizo?" akasema. Akamgeukia Yusufu, akamuuliza kama ana kishikwambi kingine cha aina hii, na kama bei inaweza kushuka.

Mama Upendo akazitazama zile soketi tatu mbovu, moja baada ya nyingine. Akamtazama mumewe. Akanitazama mimi.

"Mungu wangu," akasema polepole. "Wa pili."

Akamwita Upendo. Upendo akatoka, macho yamemwiva kwa kucheka, akasimama katikati ya sebule. Moyo wangu ukawa unapiga mpaka waya unatikisika.

"Mwanangu," mama akamwambia, "mimi wakati wangu sikuambiwa. Wewe umeambiwa mbele ya watu. Unasemaje?"

Upendo akaniangalia pale chini, nimepiga magoti na koti la watu, nimeng'ang'ania tundu la chaji. Alichukua muda wake.

"Ninamtaka," akasema. "Lakini chaja nanunua mimi. Na bata hatufugi."

Posa imepokelewa. Yusufu ameuza kishikwambi kingine. Mzee ametusindikiza mpaka barabarani na kuniita mwanangu, halafu akaniuliza kama nadhani tumetumia uniti ngapi.

Msinicheke, jamani. Nimeandika yote haya kwenye kishikwambi hikihiki kwa kidole kimoja, dole gumba la mkono wa pili bado limebana waya, na ndiyo kwanza kimefika asilimia tatu.