Ushuhuda Wangu wa Kazi ya Eurosport

Jumapili, 12 Oktoba

Nimerudi kuketi. Nimeshukuru mbele ya kanisa zima kwa kazi ya Eurosport, ile chaneli ya michezo. Kazi yenyewe sijaomba. Lakini pasta amesema tushukuru kabla hatujaona, na Phineas wa kwaya alikuwa ashashukuru kwa ofisi yake ya Arlington, Flaviana ninayempenda akampigia makofi. Sasa amenipigia mimi. Ameuliza hao watu wako wapi. Nikasema Silver Spring, wenye lile jumba kubwa la televisheni ndio waliinunua.

Jumapili ijayo anapika pilau ya shukrani. Anataka nivae beji ya kazi, apige picha amtumie mama yake kule nyumbani Moshi. Mungu wangu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimefika Silver Spring na shati la kuazima. Nimezunguka jumba, aibu, mlango siujui. Mlinzi ni Mkongo, mzee Sebastian. Amecheka mpaka akashika ukuta.

“Petit, kijana, bale bantu banahama kitambo. Unatafuta kazi kwa bantu ao kwa nyumba?”

Kumbe wenye jumba walishahama. Nimechoka kabla sijaanza.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimesoma kwa simu, macho yanauma. Vituo vya Ulaya vilianzisha hiyo chaneli 1989 na kampuni ya Uingereza. Ikashtakiwa, ikazimwa, Wafaransa wakaiokota. Halafu hawa wa Silver Spring. Halafu wakahamia New York, wakaungana na wengine. Kule Uingereza hata jina limetolewa mwaka huu. Imeolewa kila mahali! Mimi hata kuoa mara moja bado.

Phineas ameuliza kwa grupu la kanisa natumia mlango gani, apitie tule lunch. Nimejibu wa nyuma.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mimi si wa maneno, lakini naangalia. Leo kwa mazoezi ya kwaya beji ya kazi ya Phineas imegeuka. Imeandikwa VISITOR, yaani mgeni. Nimeenda kwa mzee Sebastian kumwomba beji moja kama hiyo.

Jumapili, 19 Oktoba

Pilau ilikuwa tamu. Flaviana ameinua simu, akaisogelea beji yangu, akaishusha simu.

“Simiyu, na wewe unaendaga kazini kama mgeni?”

Hakukasirika. Amesema nyumba ya wazee anakofanya kazi wanatafuta mtu wa jikoni, kesho asubuhi twende pamoja. Nimemwambia pole, haiwezekani. Wakati anapakua pilau nilikuwa nimeshasimama tena mbele ya watu, nikashukuru kwa kazi ya New York.

Naachia hapa, basi la New York linaondoka. Phineas anasema hata hao huenda wakauzwa. Lazima niwahi kabla hawajahama.