Uchunzaji kwa Macho Yaliyofumbwa

Jumatatu, 7 mwezi wa Tahsas
Moyo umechoka. Daktari kanikataza ngazi, chumvi na hasira. Basi, niungame hapa kabla sijaenda: kufa siogopi. Naogopa kuzikwa na watu watatu tu. Jumapili chama cha mazishi cha mtaa kinaamua kama jina langu lifutwe. Kosa langu? Nafika msibani, nakaa pembeni, nawakodolea macho wanaolia. Huo ni uchunzaji, utafiti wa kutazama! Nimeufundisha chuo kikuu hadi nywele zikaisha. Workneh, mwenzangu wa zamani chuoni na mwanachama pia, mtu wa hojaji, kaniambia niwaulize tu majirani kama watanizika. Upuuzi! Ukimwuliza mtu, anajipamba. Nitawachunza bila wao kujua.

Jumatano, 9 Tahsas
Kahawa kwa jirani yangu Yeshimebet. Nikajifanya nimelala kitini. Kikombe cha kwanza: vitunguu. Cha pili: mkwe wa jirani yetu Tsige hajui kupika. Cha tatu ndicho cha mambo mazito. Tsige akaanza, “Sasa huyu mzee wetu...” Nikapitiwa na usingizi wa kweli! Data: hakuna.

Ijumaa, 11 Tahsas
Leo nililala kitaalamu. Mdomo wazi, mate kidogo. Tsige akauliza kama nifutwe. Hatimaye! Yeshimebet akanitia mdomoni tonge la mkate wa injera na mchuzi wa shiro, kubwa kama ngumi. Kulitema ni tusi. Nikatafuna, macho nimefumba. Akaleta la pili, maana kwetu husemwa tonge moja huleta ugomvi. Mdomo nikaufungua mwenyewe. Aibu! Wakacheka hadi kahawa ikamwagika. Tsige akasema, “Baba Profesa, ukishameza, endelea kulala!”

Jumapili, 13 Tahsas
Mkutanoni Workneh kasimama, kauliza waziwazi kama watanizika. Swali moja tu, mshenzi yule! Yeshimebet akajibu, “Tutamzika, na tutamlilia. Ila naye akija msibani alie na sisi, asituangalie kama daktari wa mifugo.” Wote wakaunga mkono. Jina limebaki! Nikalia machozi ya kweli, huku nikiangalia nani mwingine analia. Workneh hakulia.

Usiku nimetafakari. “Tutamlilia” ni neno la mtu aliyeulizwa. Si ushahidi. Lazima nione mwenyewe. Kesho asubuhi nitajifanya nimekufa. Na safari hii Yeshimebet hawezi kuniharibia: maiti halishwi.