Lori Linavuja, Mume Yuko Nyumbani

Kwa Fundi Mkuu wa Gereji,

Shemeji,

Baada ya salamu za heshima, naomba kwanza tuelewane. Wewe ni kaka mkubwa wa mume wangu, na siku nyingine ningekuja mwenyewe, nikaketi, nikanywa chai ya mkeo na kulalamika kwa utaratibu. Leo nakuandikia kiofisi, fundi cherehani kwa fundi wa malori, kwa hiyo undugu tuuweke pembeni mpaka kwenye salamu za mwisho. Nakala nitampelekea mama mkwe, si kwa kukushitaki, ila naye apate habari.

Barua hii yahusu lori analoliendesha mdogo wako, linalopoteza maji ya rejeta, nawe usijue yanapotokea. Limelala gerejini kwako wiki ya nne sasa. Lori likilala kwako, dereva wake analala kwangu, na hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwamba umebadilisha mfuniko wa rejeta, ukabadilisha mipira yote miwili mikubwa ya kupitishia maji, ukaisingizia gaskiti ya silinda hedi ndani ya injini mpaka ukaifungua, ukaikuta haina kosa, ukairudisha. Kila ukimaliza unawasha injini, mnaiacha ipate moto, mnaizunguka na tochi, mnakuta pakavu, mnapongezana. Asubuhi maji yamepungua tena. Mdogo wako hunieleza haya yote wakati wa kula, bila kuruka nati hata moja. Sasa hata mimi najua kwamba kuna uvujaji wa baridi: chuma kikipoa kinanywea na maji yanapita, kikipata moto kinatanuka na panaziba. Mshona magauni sikupaswa kulijua jambo hili. Limekaa kichwani mahali nilipokuwa nimehifadhi vipimo vya wateja.

2. Kwamba mdogo wako ameihamishia gereji nyumbani. Ametandika vipande vya maboksi chini ya bomba, chini ya ndoo, chini ya jiko, na asubuhi anavikagua kimoja kimoja kabla hajanijulia hali. Bomba la uani lililokuwa likidondoka tangu tuhamie halidondoki tena. Mlango uliokuwa ukilia umenyamaza, kwa hiyo sijui tena nani ameingia. Juzi mteja alikuja kujaribu gauni, akaona miguu ya mtu imetokeza chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna tatizo. Nikamwambia lipo, ni dereva.

3. Kwamba amekuwa mtu wa kufikiri. Anasema maji hutoka mahali, yakatambaa na ubavu wa injini, yakadondokea mbali kabisa, kwa hiyo tone usiliamini. Kwa injini sawa. Lakini nikimwambia chumvi imeisha, ananitazama na kuniuliza ni nini hasa kinachonisumbua. Ubaya zaidi ni kwamba siku moja nilimjibu, na tukazungumza mpaka chakula kikapoa. Sikuolewa kwa ajili ya mambo kama hayo.

4. Kwamba ameingilia malezi. Wewe ni baba mkubwa, hivyo sikufichi: binti yetu ana miaka saba na godoro lake ni la kuanikwa juu ya ukuta wa ua kila asubuhi. Nimejaribu yote. Nimemnyima chai ya jioni, nimemwamsha usiku wa manane, nimemsema, nikamsema tena. Mdogo wako alipoliona godoro ukutani akauliza jambo hili lilianza lini. Nikamwambia lilianza safari zake zilipokuwa ndefu. Akalishusha mwenyewe lilipokauka. Tangu siku hiyo anaketi pembeni ya kitanda mpaka mtoto alale, akimsimulia vituo vya mizani na madaraja yote ya barabara kuu, na mtoto hataki tena hadithi zangu za sungura. Huyu ni mtoto ambaye zamani baba akirudi safari alimwamkia kama mgeni, kisha akajificha nyuma ya cherehani. Sasa anamtuma maji ya kunywa, na baba mtu anakwenda.

5. Kwamba huko gerejini hamtazami nguo. Mimi natazama, ndiyo kazi yangu. Kila mdogo wako anapotoka kukusaidia, shati lake ni safi isipokuwa pindo la mkono wa kulia, ambalo lina doa la kijani la maji ya rejeta. Halitoki kwa sabuni yoyote. Na mkono haulowi mahali pakavu, Shemeji. Nilimuuliza kijanja mkono huo unapita wapi. Akasema nyuma ya kompresa, ile ya upepo wa breki, ambako mkono unafika lakini jicho halifiki, na pana mpira mdogo unaoipelekea kompresa maji. Kisha akageuza mazungumzo, akaanza kuisifu mboga. Mboga yenyewe ilikuwa imeungua.

Kwa sababu hizo, nadai kwamba kesho asubuhi, injini ikiwa baridi na kabla mtu yeyote hajaiwasha, utazame nyuma ya kompresa. Naambatanisha kioo changu kidogo cha mkononi, kile ninachowaonyeshea wateja mgongo wa gauni. Ukikishika kwa upande kinaonyesha kila kitu asichokijua mwenye mgongo. Ukishaupata huo mpira uubadilishe kesho hiyo hiyo, kisha umwombe mwenye malori ampangie mdogo wako safari ndefu kuliko zote, mpaka mpakani, na ikiwezekana avuke. Akae huko hadi nisahau jinsi chuma kinavyonywea.

Nikitumaini hutalifanyia mzaha jambo hili, nabaki wako katika ufundi,

Fundi Cherehani,
mke wa mdogo wako.

Sasa undugu unaweza kurudi. Msalimie mkeo, mwambie sketi yake iko tayari, zipu imekubali ila asile sana kabla ya kuivaa. Wasalimie watoto, mafundi wote, na mlinzi wenu anayeniita dada ingawa amenizidi umri. Binti anamwamkia baba yake mkubwa.

Tanbihi: Barua nilikuwa nimeshaikunja. Nimetoka uani kuanika mashati, nikakuta ukuta mtupu. Nimesimama pale na beseni mkononi nikijaribu kukumbuka ni lini nililitoa godoro mara ya mwisho, nikashindwa. Shemeji, mimi niliyelibeba kila asubuhi sikuona kwamba sibebi tena. Jioni mtoto huuliza kama lori limepona, na akiambiwa bado, anageukia ukutani na kulala mara moja. Mimi nilidhani analihurumia lori.

Nimemwendea mdogo wako, nikamuuliza kwa nini hakukwambia mwenyewe habari za kompresa. Alikuwa amepiga magoti, anamfunga mtoto kamba za viatu. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Kaka hajaniuliza."

Kwa hiyo naomba unirudishie kioo bila kukitumia, wateja wanakihitaji. Mama mkwe nakala yake sitampelekea. Na kama umeshatazama, kwa kuwa wewe hukimbilia kazi kabla hujamaliza kusoma barua, basi mwombe mwenye malori ampe lile dogo la mizigo ya mjini, linalorudi kila jioni. Doa la shati nitalizoea.