Kisanduku cha Dokta Nyaya

Siku aliyokinunua kile kisanduku mnadani, kwenye rundo la vitu vya zahanati iliyofungwa, Dokta Nyaya hakujua ni cha nini. Kilikuwa na kitufe cha kuzungusha, taa nyekundu, nyaya nne, na vipande vinne vya kunata mfano wa plasta. Akatia betri, akajibandika viwili mkononi, akazungusha. Vidole vikaanza kucheza vyenyewe kama vya mpiga kinanda. Mtu mwingine angekirudisha. Yeye alichungulia dirishani, akaona foleni ya wastaafu nje ya ofisi ya jirani. Katika kila watu kumi, saba walikuwa wameshika viuno.

Riziki hiyo, akajisemea, na wala haikupiga hodi.

Tuseme kweli: udaktari wake uliishia kwenye koti jeupe. Kabla ya hapo aliwahi kuuza dawa ya mende iliyowanenepesha mende, na mafuta ya kuotesha nywele, ilhali upara wake mwenyewe uling'aa kama sahani iliyooshwa. Hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa mvivu tu, na mvivu naye hula.

Akapanga chumba juu ya duka la cherehani, akaweka kitanda kirefu, pazia, na picha ya mifupa ukutani. Wagonjwa wakaja.

"Maumivu, mama, ni wapangaji wakorofi," alimwambia mpishi wa shule aliyepanda ngazi akiburuta mguu. "Huwezi kuwabembeleza. Hii mashine inawatolea vitu nje."

Mpishi akabandikwa, akalala nusu saa, akashuka ngazi kama msichana. Kesho yake akaleta dada zake watatu. Jambo hilo lilimtatiza Dokta. Katika maisha yake yote hakuwahi kuuza kitu kikafanya kazi. Alifikiri sana, akaamua kwamba watu wakidanganywa vizuri hupona wenyewe kwa heshima ya mdanganyaji.

Habari zikamfikia tajiri wa mbao.

"Sikuja kutibiwa," tajiri alisema, hata kuketi hakuketi. "Naitaka mashine yenyewe. Wapakiaji wangu kila siku ni mgongo, mgongo, wanaomba kupumzika. Nikiwabandika asubuhi, watabeba mpaka jioni bila kelele."

"Haiuzwi, mzee. Huo ndio mkono wangu wa kulia."

"Nina pikipiki mpya, haijamaliza hata mwezi."

Dokta akaichungulia dirishani. "Ndiyo maana Mola alitupa mikono miwili," akasema.

Jioni hiyohiyo akaenda kwa fundi redio, akatengenezewa pacha wa kile kisanduku: kitufe kilekile, nyaya zilezile, taa nyekundu ya kuwaka, na ndani mawe mawili ya kuleta uzito. Akamficha pacha chini ya kitanda. Mpango ulikuwa mwepesi: tajiri ataonyeshwa cha kweli, ataondoka na cha mawe, na kabla hajajua, Dokta atakuwa mji wa tatu, upepo ukimpiga kifuani.

Siku ya makabidhiano tajiri hakuja peke yake. Aliegesha pikipiki chini ya dirisha, akapanda ngazi na mama wa makamo, mpole, mwenye kikapu.

"Huyu ni shangazi yangu. Alifanya kazi hospitali miaka thelathini, kitengo cha viungo. Ataikagua kwanza."

Dokta akaweka cha kweli mezani. Shangazi akakigeuza kisanduku mezani, akakipapasa kama anayemkagua mjukuu.

"Inafanyaje kazi, dokta?"

"Inafukuza maumivu kwenye kiuno, mama. Kwa umeme."

"Maumivu hayakai kiunoni," shangazi alisema kwa upole. "Kiuno hupeleka habari tu. Zinapita kwenye neva, zinapanda uti wa mgongo hadi kwenye ubongo, na ubongo ndio unaoamua kupiga kengele. Ukijigonga kiwiko unafanya nini?"

"Nakisugua."

"Kwa nini?"

Dokta akaanza kukisugua kiwiko chake, shangazi akajijibu mwenyewe.

"Kwa sababu habari za kusuguliwa nazo zinapanda njia hiyohiyo. Kwenye uti wa mgongo kuna kama mlango. Mguso ukijaa mlangoni, maumivu hayapati nafasi ya kupita. Mashine hii inasugua neva kwa umeme mdogo. Haiponyeshi kilichovunjika, inapunguza kelele tu." Akamtazama alivyoinamia upande mmoja. "Na mgongo wako wewe umeanza lini?"

"Miaka minne. Niliruka ukuta. Kikazi."

"Na hujawahi kujibandika mgongoni?"

Hajawahi. Mwuza uongo hanunui wake. Lakini mgongo ule ulikuwa umemnyima raha miaka minne, na mama yule alisema kama mtu anayejua. Akalala kifudifudi. Vipande vinne vikabandikwa kuzunguka penye maumivu, kitufe kikazungushwa taratibu. Alihisi sisimizi wengi wakipita mgongoni kwa adabu. Halafu, polepole, kile kisu alichokizoea kikazama mbali. Dokta alitaka kusema kitu cha kitabibu. Akakoroma.

Alipoamka, chumba kilikuwa kimya. Mezani hakuna kisanduku. Akainama chini ya kitanda, akainama bila kuumia, na kule pia hakuna kitu. Dirishani, pikipiki haipo.

Kabla hajavaa viatu, tajiri akapanda ngazi kwa kishindo, akamwaga mawe mawili kitandani.

"Umeniuzia mawe."

"Nimekuuzia lini? Pikipiki iko wapi?"

Tajiri akayatazama mawe. "Shangazi alisema umelala, ya nini kukupa pikipiki. Akanituma nikawashe pikipiki, akashuka na mashine imefungwa kwenye kitambaa, tukaondoka zetu. Nikamshusha kwake na kikapu chake."

Wakatazamana, mwizi na tapeli, kila mmoja akimtafutia mwenzake neno la kumshitaki na asilipate.

"Kikapu kilikuwa kizito?" Dokta akauliza.

Tajiri akaketi kitandani, penye mawe. "Nilimsaidia kukibeba," akasema.

Maumivu yalirudi kabla ya jua kuzama. Siku ya tatu Dokta alivua koti jeupe, akauliza njia, akafika kwenye baraza ya shangazi. Wapakiaji wa mbao walikuwa wa kwanza kwenye benchi. Kila mmoja alitibiwa, kisha akaambiwa apumzike wiki nzima. Tajiri naye alikuwepo, ameshika shingo, anatazama kando. Dokta akakaa karibu yake.

Zamu yake ilipofika, shangazi alisema tu, "Lala, mwanangu." Sisimizi wakaanza kupita.

"Mama," mgonjwa mmoja akauliza kutoka kwenye benchi, "hii mashine nzuri uliipata wapi?"

"Kuna daktari mmoja mkarimu sana," shangazi alijibu, akizungusha kitufe kidogo. "Alilala, akaniachia."

Dokta Nyaya alifungua mdomo ajitetee. Lakini uso ulikuwa umezama kwenye mto, na mgongo, kusema kweli, ulikuwa mtamu. Akafumba mdomo.