Mzee Yusuf Ndani ya Gunia la Viazi

Jumamosi, 9 Machi 1996

Jua kali. Nyumbani, dhoruba.

Karimi ametoa amri asubuhi, amesimama mlangoni pa stoo na ufagio mkononi. Mbegu za viazi zinaletwa Jumamosi ijayo kutoka Kianjokoma, kwa hiyo televisheni zangu nne zitoke. Nikamweleza kwamba hizo si televisheni tu, ni mkusanyo. Akasema basi mkusanyo utoke. Baada ya mazungumzo marefu (yake) amekubali moja ibaki, tena uvunguni mwa kitanda.

Moja! Mke wa ndoa ya miaka kumi na tisa!

Niziandike hapa, isije ikasemwa baadaye kwamba hazikuwepo. Zote ni za rangi, ndogo, za kubebwa kwa mpini, zina eriali ya kuvuta na tundu la kuchomeka betri ya gari, maana stima haijafika kwetu Kibirichia. Kila moja ina jina la aliyekuwa nayo. Mchungaji ana picha, hana sauti. Daktari ana sauti, hana picha. Chifu hana chochote, ila mpini wake ni mzuri ajabu.

Halafu Mzee Yusuf. Huyo ndiye roho yangu. Mwaka wa 1986 nilipeleka viazi Gakoromone, soko la Meru mjini, nikaingia kunywa chai katika hoteli ya Mzee Yusuf. Juu ya kabati la mandazi palikuwa na televisheni ndogo, na ndani yake watu wanacheza mpira. Uwanja ulikuwa wa kijani! Mimi nimezaliwa kwenye nyasi, lakini nyasi zote nilizowahi kuona kwenye televisheni zilikuwa za kijivu. Chai ikapoa mbele yangu. Miaka mitatu baadaye mzee akanunua kubwa, akaniachia hiyo ndogo kwa magunia manne ya viazi. Ina alama nyeusi juu, mahali mtu alipotua birika la moto. Inaonyesha rangi dakika kumi, kisha watu wote wanageuka kijani, picha inasinyaa, inazima. Dakika kumi zanitosha.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya ibada nimemwomba jirani yangu Marete anihifadhie Mchungaji. Marete ana televisheni isiyo ya rangi. Ameibandika karatasi ya plastiki kwenye kioo, buluu juu, nyekundu katikati, kijani chini, na anawaambia watu eti ni kala, yaani ya rangi. Nao wanaamini! Kila jioni nyumba yake inajaa. Kwangu, penye rangi za kweli, haji mtu.

Amekubali upesi sana. Watu wengine ni rahisi kuwapata.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepitia kwa Marete. Amebandika plastiki yake juu ya Mchungaji! Mtangazaji wa habari ana nywele za buluu na tai ya kijani. Nimelalamika kwamba hiyo tayari ni ya rangi. Marete akanijibu kwa upole kwamba watazamaji walijaribu bila plastiki na hawakupenda. Bila plastiki mbingu inabadilika badilika. Kwake mbingu ni buluu hata watu wakiwa ndani ya nyumba.

Nilitaka kumchukua Mchungaji niondoke naye. Nikakumbuka sina pa kumweka. Nimekunywa chai, nimerudi nyumbani.

Jumanne, 12 Machi

Daktari niliyemficha katika kibanda cha kuku amegunduliwa saa kumi na moja jioni. Kuku mwekundu alikuwa amelala juu yake, mayai mawili nyuma. Karimi amesema mtu yeyote asimwondoe hapo, ni mara ya kwanza kifaa changu kuleta chakula nyumbani. Kwa hiyo Daktari sasa ni mali ya kuku.

Chifu nimemtangaza rasmi kuwa ndiye wa uvunguni. Karimi akaniangalia kwa huruma. Hajui! Mimi nilikuwa nimeshamaliza kazi kubwa saa nane, yeye akiwa shambani.

Stoo ina magunia kumi na moja ya viazi. Kumi yanamsubiri Njiru, broka mwenye lori, atakayekuja Ijumaa. Yote ni lumbesa, yaani yamejazwa hadi yakavimba, yakavishwa kofia ya wavu, yakashonwa. Karimi hushona kwa uzi mwekundu. Pale Gakoromone uzi huo unajulikana. Wengine huficha mawe katikati ya gunia, au viazi vilivyooza. Katika gunia la uzi mwekundu ni viazi tu hadi chini, na wanunuzi huchukua bila kufungua. Gunia la kumi na moja, lile la kona, ni la kula nyumbani na haliguswi hadi Mei.

Nimefumua la kona. Nimetoa viazi nusu, nikamvika Mzee Yusuf sweta langu la buluu, nikamkalisha katikati, nikamzungushia viazi na kushona kwa uzi uleule. Vilivyobaki nimempa ng'ombe. Mungu anajua kwa nini sikuajiriwa serikalini.

Jumatano, 13 Machi

Msiba!

Nilikwenda kwa mwenye jenereta kuchaji betri. Niliporudi, stoo tupu! Njiru amekuja siku mbili mapema, viazi vimeadimika mjini. Karimi alikuwa na furaha tele. Akanisimulia jinsi Njiru alivyomsihi amwongezee japo gunia moja, naye kwa wema akampa lile la kona.

Nikakaa kwenye kigoda. Akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema ni jua.

Alhamisi, 14 Machi

Nimedandia gari la maziwa alfajiri hadi Meru mjini. Gakoromone sikuhitaji kutafuta. Nilifuata kicheko.

Mwanamke mmoja muuza viazi, aitwaye Mwanatatu, alikuwa amemwaga gunia kwenye turubai. Juu ya lundo amekaa Mzee Yusuf, na sweta langu. Wachukuzi wamemzunguka. Mmoja alikuwa anauliza hii ni waru, yaani kiazi, ama ni redio. Mwanatatu alishika uzi mwekundu kwa vidole viwili, akauliza kama kuna anayekijua kitu hiki kilichokaa juu ya viazi.

Hapo ndipo palipokuwa na mtego. Nikisema ni changu, nimekiri kwamba gunia letu lina udanganyifu. Nikikana, nampoteza Mzee Yusuf. Nilifungua mdomo nikiwa sijaamua. Mdomo ukasema kwamba sijawahi kukiona.

Basi, akasema Mwanatatu, Karimi wa uzi mwekundu naye ameharibika. Wenzake wanaweka mawe, yeye anaweka televisheni. Kuanzia leo gunia lake lisinunuliwe bila kumwagwa chini. Wanawake wote wakaitikia. Mimi nikainamisha kichwa na kutafuta gari la maziwa. Nimempoteza Mzee Yusuf na nimeuza jina la mke wangu, yote kwa sentensi moja.

Ijumaa, 15 Machi

Njiru amekuja kumpa Karimi habari za sokoni. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Alikaa kizingitini na ile sindano yake kubwa ya magunia mapajani, akawa anaizungusha tu. Akasema polepole kwamba ameshona miaka kumi na tisa. Chakula kikanishinda. Nimeona aibu, naiandika hapa wazi.

Mchana nikamwambia yote. Gunia, sweta, hata viazi vya ng'ombe. Alichomeka sindano yake kwenye gunia tupu. Kisha akasema:

"Baba Sheila, mimi sasa najua. Wasiojua wako Gakoromone."

Jumamosi, 16 Machi

Nimesimama juu ya kreti ya soda katikati ya Gakoromone na kutangaza kwa sauti kwamba mimi, Gedion Muriithi wa Kibirichia, ndiye niliyetia televisheni ndani ya gunia, kwa kumficha mke wangu, naye hakujua lolote. Nilidhani watanipiga. Walicheka hadi mzee mmoja akaketi chini. Mchukuzi mmoja akauliza kama friji iko gunia gani. Mwanatatu alijifuta machozi kwa leso, akawapigia kelele wenzake kwamba uzi mwekundu ni safi, mwenye kasoro ni mume. Nimeumia kidogo. Lakini mzigo umenitoka kifuani.

Ndipo nikamwomba televisheni yangu.

"Yako?" akasema. "Hiyo ni ya baba yangu!"

Kumbe Mwanatatu ni binti wa Mzee Yusuf! Akaweka kidole kwenye ile alama nyeusi, aliyoiona tu baada ya kuivua sweta. Birika alilitua yeye mwenyewe, akiwa msichana, na akamsingizia paka. Babake alifariki mwaka juzi bila kujua ukweli. Aliiambia familia kwamba ile ndogo ilikwenda Kibirichia kwa viazi, na alijuta. Sasa imerudi kwa viazi. Nikamwachia.

Akaibeba kwa mpini hadi hotelini, ambako siku hizi anasimamia kaka yake, Nurudin. Wakaiweka juu ya kabati la mandazi, palepale, wakaichomeka kwenye stima. Picha ikaja. Rangi zikaja. Nikatazama saa yangu. Dakika tisa. Kumi. Nikashika ukingo wa meza. Kumi na moja! Ishirini! Arobaini, na mwimbaji wa kwaya bado ana mashavu ya kahawia na joho jekundu kama alivyoumbwa na kuvishwa. Miaka saba nimeihurumia kwa ugonjwa, kumbe haikuwa mgonjwa. Ilikuwa na njaa. Betri yangu ndiyo mbovu!

Nimelia kidogo. Nimemwambia Nurudin ni vitunguu. Akaniambia meza hiyo ni yangu kila nikija sokoni, na chai ya kwanza haina malipo. Nimekaa hapo nikitazama nyasi za watu wengine, za kijani kabisa, na sikumbuki siku niliyoridhika hivyo.

Wakati wa kuondoka Nurudin akaniuliza, kwa aibu, kama namjua mtu wa kumsaidia kuondoa takataka katika stoo ya marehemu babake. Televisheni mbili ndogo za rangi. Hazina picha, hazina sauti, mpini wa moja umevunjika.

Nilimwambia namjua mtu.

Jumapili, 17 Machi

Amani nyumbani. Karimi amenipakulia mimi kwanza, akaweka nyama upande wangu. Njiru amemletea salamu za Mwanatatu na maombi ya magunia ishirini msimu ujao. Nimeahidi mbele ya Karimi kwamba sitaficha tena kitu chochote katika gunia la viazi vya kuuza. Nimetamka kila neno kwa makini.

Mbegu za Kianjokoma zimefika jana, magunia manane, zimeshachipua vizuri. Zinangoja mvua tu. Tone la kwanza likianguka, wanawake kumi na wawili wa kikundi cha Karimi watakuja na majembe, wakiongozwa na mke wa Marete, wamalize shamba lote kwa siku moja.

Usafiri wa wale wageni wawili kutoka Meru haukuwa na shida. Walilala nyuma ya choo. Leo Karimi akiwa kanisani nimewaingiza stoo. Nimewaita Marehemu wa Kwanza na Marehemu wa Pili. Nilitafakari mahali pa kuwaweka kwa utulivu, bila papara, kama mtu aliyefunzwa na maisha. Uvunguni yuko Chifu. Kwa kuku yuko Daktari. Kwa Marete kuna plastiki.

Kisha nikaona magunia ya mbegu. Si viazi vya kuuza! Hakuna broka anayeyataka, hakuna lori litakaloyabeba. Nimemtia mmoja katika gunia la tatu na mwingine katika la saba, nikashona kwa uzi mwekundu, safari hii mishono yangu imenyooka hata kuliko ya Karimi. Redio imesema mvua itachelewa hadi mwisho wa Aprili. Nina wiki sita za kufikiri.

Naandika haya kwenye kigoda, chai mkononi, moyo mweupe. Kuna kitu kinagonga bati la stoo. Ni mbegu za mkaratusi, zinadondoka sana mwezi huu. Karimi ametoka nje mbio na sasa amesimama uani, anawaita wanawake wa kikundi, mmoja mmoja, kwa majina.